Finland: Shule ya Serikali inayofundisha kwa Kifini na Kifaransa, ni ya watoto gani?

Mjini Helsinki, mji mkuu wa Finland, kuna shule moja ambamo watoto wanaanza kusoma wakiwa wadogo kabisa kwa lugha mbili: Kifini, lugha ya nchi, na Kifaransa, lugha ambayo ni nadra kuisikia barabarani kule. Mzazi halipi hata franga moja. Hakuna minerval, hakuna prime ya mwalimu, na mchana mtoto anapewa chakula cha moto. Mwenye shule si kanisa, si ubalozi wa Ufaransa, wala si mfanyabiashara fulani. Ni Serikali ya Finland.

Kwetu, ambako mzazi wa Goma, Bukavu au Lubumbashi anaweza kuuza mbuzi wa mwisho ili mtoto aingie kwenye shule ambako "wanasema Kifaransa vizuri", habari hii inaweza kuonekana kama hadithi ya watu walioshiba. Lakini ndani yake kuna mambo mawili yanayotugusa moja kwa moja. La kwanza ni la watoto wa Kongo waliopelekwa Finland kama wakimbizi, ambao leo wanakaa kwenye madarasa ya huko. La pili ni la lugha ya darasani hapa kwetu, ambako tunaambiwa kila siku kwamba mtoto akianza na Kiswahili atachelewa.

Shule iliyozaliwa baada ya vita

Jina lake la Kifaransa ni Lycée franco-finlandais d'Helsinki. Ilianzishwa mwaka 1947. Finland wakati huo ilikuwa imetoka vitani ikiwa imeshindwa, imepoteza sehemu ya ardhi yake ya mashariki, na inalipa fidia kwa Umoja wa Kisovyeti. Kabla ya vita, lugha ya kigeni yenye nguvu zaidi katika shule za Finland ilikuwa Kijerumani. Baada ya Ujerumani kuanguka, watu walianza kutafuta madirisha mengine ya kuitazama Ulaya, na Kifaransa kilikuwa moja ya madirisha hayo.

Ilianza kama shule ya binafsi, na hapo ndipo historia yenyewe inapopendeza. Finland ya miaka ile haikuwa ile tunayosifiwa leo. Mtoto akifika umri wa miaka kumi na moja hivi, watoto waligawanywa: wachache walikwenda kwenye shule za sekondari za kulipia, nyingi zikiwa za binafsi, na wengine walibaki kwenye shule za watu wa kawaida, ambazo hazikufungua njia ya chuo kikuu. Mtoto wa mkulima na mtoto wa daktari waliachana hapo.

Katika miaka ya 1970 Serikali iliamua kuondoa mgawanyo huo. Ilianzisha shule moja ya msingi ya miaka tisa kwa watoto wote. Mageuzi yalianza mwaka 1972 kule Lapland, kaskazini kabisa kwenye baridi na umaskini, yakateremka polepole hadi yakafika eneo la Helsinki mwaka 1977. Ni vizuri kulisema hili mara mbili: walianzia pembezoni, mji mkuu ukawa wa mwisho. Sisi tumezoea kinyume, ambapo kila mradi unaanzia Kinshasa, unapumzika Kinshasa, na kwa kawaida unafia Kinshasa.

Shule nyingi za binafsi zilimezwa na mfumo huo mpya na kuwekwa chini ya komini. Lakini shule ya Kifaransa ilikuwa na sura yake, haikuweza kufanywa shule ya mtaa kama nyingine. Ndipo ikachukuliwa na Serikali kuu yenyewe, kwa sheria ya mwaka 1977. Shule ya Kifini na Kirusi, iliyoanzishwa mjini humo mwaka 1955, nayo iko mikononi mwa Serikali. Shule ya Kijerumani, iliyo kongwe kuliko zote hizo, ya tangu 1881, ilibaki ya binafsi.

Tukumbushe kwamba mwaka huohuo wa 1977, mwezi wa Februari, Zaire ilisaini makubaliano na makanisa ili kuyarudishia usimamizi wa shule zilizokuwa zimenyang'anywa mwaka 1974. Nchi moja ilikuwa inaingiza shule mkononi mwa Serikali, nyingine ilikuwa inazitoa kwa sababu imeshindwa kuziendesha. Huwezi kupima mataifa mawili kwa tukio moja, lakini ukitaka kuelewa kwa nini neno "shule ya Serikali" linasikika tofauti Helsinki na Uvira, mwaka huo ni mahali pazuri pa kuanzia.

Kifini hakiondolewi mlangoni

Wengi wakisikia "shule ya Kifaransa" wanafikiri mtoto anafika, lugha yake inaachwa nje pamoja na viatu, na kuanzia hapo ni Kifaransa tu. Kwenye shule hii sivyo. Msingi ni mtaala wa taifa wa Finland. Mtoto anajifunza kusoma na kuandika Kifini, anasoma historia ya Finland, na mwisho wa sekondari anafanya mtihani wa kitaifa wa Finland kama kijana yeyote wa huko. Kifaransa kinaingizwa mapema, kinakuwa somo, halafu kinakuwa pia lugha ya kufundishia masomo mengine.

Sheria ya elimu ya msingi ya Finland ya mwaka 1998, katika kifungu chake cha kumi, inasema lugha ya kufundishia ni Kifini au Kiswidi, na kwamba Kisami, Kiromani na lugha ya ishara zinaweza kutumika pia. Halafu inaruhusu sehemu ya masomo itolewe kwa lugha nyingine, lakini kwa sharti moja: isihatarishe uwezo wa mwanafunzi kufuata masomo. Sharti hilo ni fupi, na ndani yake kuna falsafa nzima. Lugha ya pili inaruhusiwa kuingia pale tu ambapo mtoto bado anaelewa anachofundishwa. Ikiwa haelewi, lugha ndiyo yenye kosa, si mtoto.

Mwalimu naye anatazamwa kwa jicho hilohilo. Finland inadai mwalimu wa darasa awe na shahada ya uzamili, yaani miaka kama mitano ya chuo kikuu. Sasa fikiri kazi ya kumpata mtu mwenye kiwango hicho, anayejua baiolojia au jiografia, na anayeweza kuieleza kwa Kifaransa kwa watoto ambao nyumbani wanasema Kifini. Hapo ndipo shule ya namna hii inakuwa ghali, kuliko kwenye majengo au vitabu. Ndiyo maana pia haiwezi kuzaliwa kila mtaa.

Kwa nini Kifaransa?

Finland ina watu wapatao milioni 5.6. Tayari ina lugha mbili za taifa, Kifini na Kiswidi, ingawa wenye Kiswidi kama lugha ya mama ni karibu asilimia 5 tu. Wana shule zao kuanzia chekechea hadi chuo kikuu, kwa pesa ya umma. Kisha, tangu mwaka 1987, kwenye mji wa Vaasa, watoto wa Kifini walianza kuingizwa katika madarasa ya Kiswidi tangu utotoni ili wakue na lugha zote mbili. Kwa hiyo wazo la mtoto kusoma kwa lugha mbili halikuletwa na Wafaransa. Lilikuta nchi imeshazoea.

Lakini Kiswidi kina historia na haki za raia nyuma yake. Kifaransa hakina. Hakuna eneo la Finland linalosema Kifaransa. Kwa nini basi Serikali igharamie?

Jibu la kwanza ni la kidiplomasia. Mwaka 1995 Finland iliingia Umoja wa Ulaya, na Brussels, Luxembourg na Strasbourg ni miji ambako Kifaransa kina kazi ofisini. Taifa dogo lenye lugha ambayo hakuna jirani anayeielewa, isipokuwa Waestonia kidogo, linahitaji watu wake wenyewe wa kusema kwa niaba yake.

Jibu la pili ni Kiingereza. Tangu mwaka 2020 watoto wote wa Finland wanaanza lugha ya kwanza ya kigeni darasa la kwanza, na wengi mno wanachagua Kiingereza, au komini yao haina kingine cha kuwapa. Kijerumani, Kifaransa na Kirusi vimebaki na wanafunzi wachache. Shule kama hii ni aina ya ghala: Serikali inaweka akiba ya Kifaransa humo ili isije siku moja ikakosa kabisa wajuzi. Mtu anaweza kusema ni anasa. Mimi naona ni hesabu ya nchi ndogo inayojua kwamba soko peke yake litaiachia lugha moja tu ya kigeni.

Bure kwa wote, lakini si wote wanaingia

Hapa sifa zinapaswa kusimama kidogo. Shule ni bure, sawa. Ila nafasi zina mipaka. Kwa kawaida mtoto wa Finland anapangiwa shule ya karibu na nyumbani. Kwenye madarasa ya lugha, muziki au hesabu ya ziada, kuna kuomba na kuna kupimwa. Sheria inaruhusu vipimo hivyo, na kwa lugha vina mantiki: mtoto asiyesikia neno la Kifaransa atafuataje somo?

Lakini ni nani anayejua kwamba kuna fomu ya kujaza, na kwamba tarehe inapita? Ni nani anayempeleka mtoto wa miaka sita kwenye kipimo akiwa ameandaliwa? Ni mzazi aliyesoma, mwenye marafiki waliosoma. Watafiti wa elimu wa Helsinki wamelionyesha hili mara kwa mara kuhusu madarasa ya kuchagua kwa jumla: watoto wa wazazi wenye elimu ya juu ndio wanaojaa humo, na darasa la kawaida, kwenye jengo lilelile, linabaki na wengine. Hakuna aliyelipa, lakini mgawanyo ule wa kabla ya 1972 unachungulia tena dirishani.

Na hili linatokea wakati ambapo Finland yenyewe haina tena majivuno ya zamani. Katika mtihani wa kimataifa wa PISA, vijana wake walipata wastani wa alama 546 katika kusoma mwaka 2000, wa kwanza kati ya nchi zote. Mwaka 2022 walipata 490. Bado wako juu ya wastani wa nchi tajiri, lakini mteremko ni mkali. Kibaya zaidi, pengo kati ya watoto wa wahamiaji na watoto wengine ni kati ya mapana zaidi katika nchi za OECD. Mfumo uliojengwa ili kusiwe na mtoto anayeachwa nyuma umekutana na watoto ambao haukuwatarajia.

Mtoto wa Kongo mbele ya mlango

Kati ya watoto hao wamo wa kwetu. Kwa zaidi ya miaka kumi Finland imepokea wakimbizi Wakongomani kwa mpango wa Umoja wa Mataifa, wengi wakitoka kwenye kambi za Rwanda na Zambia. Mpango huo haukuwa mkubwa: watu 750 kwa mwaka kwa muda mrefu, kutoka nchi zote, ukapanda hadi 1,050, halafu mwaka 2024 ukashushwa hadi 500.

Mtu wa Kinshasa anaweza kusema: vizuri, Wakongomani ni watu wa Kifaransa, na Finland ina shule ya Serikali ya Kifaransa. Mambo yameisha. Hayajaisha hata kidogo. Mtoto aliyezaliwa Kiziba, nchini Rwanda, amesoma kwa Kinyarwanda na Kiingereza. Aliyekulia Meheba, nchini Zambia, amesoma kwa Kiingereza. Nyumbani wanasema Kiswahili, Kinyarwanda, Kibembe, Kifuliiru. Kifaransa ni lugha ambayo baba aliisoma zamani, kabla ya kukimbia, na ambayo mtoto anaijua kwa maneno ya salamu tu. Wale wenye Kifaransa kilichokamilika ni watoto wa waliokuja kwa njia nyingine: wanafunzi wa chuo kikuu, wafanyakazi wa mashirika, watu wa ubalozi.

Tena, familia za mpango wa wakimbizi hazichagui Helsinki. Zinapelekwa kwenye komini zilizokubali kuzipokea, mahali pengi mbali na mji mkuu. Shule ya Kifini na Kifaransa iko moja, na iko Helsinki.

Kile ambacho mtoto huyu anakipata ni kingine. Kwanza anawekwa kwenye masomo ya maandalizi, kwa kawaida kama mwaka mmoja, ajue Kifini cha kumsaidia kuingia darasani. Baadaye anafuata mtaala wa Kifini kama lugha ya pili, huku wenzake wakisoma Kifini kama lugha ya mama. Halafu kuna masomo ya lugha yake mwenyewe. Serikali kuu inazipa komini pesa kwa ajili hiyo: hadi saa mbili na nusu kwa wiki, ikiwa kundi lina angalau wanafunzi wanne mwanzoni mwa muhula. Komini haijalazimishwa kufundisha. Wazazi wanaomba, komini inatafuta mwalimu, na mwalimu akipatikana, somo linafanyika mara nyingi baada ya masomo ya kawaida, watoto wakiwa wameshachoka.

Weka vitu hivi viwili karibu. Mtoto mmoja analipiwa na umma miaka yote ya shule kwa Kifini na Kifaransa, na walimu wenye shahada. Mwingine, mwenye Kiswahili, anapata saa mbili na nusu jioni, ikiwa watatu wengine wamepatikana. Sisemi kwamba ni ubaya wa makusudi. Kuna lugha nyingi mno kwenye shule za Finland leo, na hakuna nchi inayoweza kujenga lycée kwa kila moja. Lakini tofauti hii inaeleza kwamba Serikali, hata iliyo njema, inapogharamia lugha mbili inapima kwanza faida yake nje, ndipo inapomtazama mtoto ndani.

Jambo linaloniuma zaidi katika habari hii ni lingine. Wazazi wengi wa Kongo walioko huko, kama wale walioko Ubelgiji na Kanada, wanaacha Kiswahili wenyewe, kabla komini haijawakatalia kitu. Wanasema mtoto atachanganyikiwa. Wakati huohuo, kwenye mji mkuu, Wafini wenye pesa zao na elimu yao wanashindania nafasi ya kumuongezea mtoto wao lugha ya pili akiwa na miaka sita.

Na hapa nyumbani?

Sheria namba 14/004 ya tarehe 11 Februari 2014 kuhusu elimu ya taifa letu inasema Kifaransa ni lugha ya kufundishia, na inasema pia kwamba lugha za taifa au lugha za mahali zitumike kufundishia na zifundishwe kama somo. Kwenye karatasi, basi, kila shule ya msingi ya Kivu, Maniema, Tanganyika au Ituri ingepaswa kuwa shule ya lugha mbili. Mradi wa ELAN wa nchi zinazosema Kifaransa, ambao Kongo imo, ulianzishwa tangu mwanzo wa miaka ya 2010 kwa lengo hilohilo.

Darasani ni kitu kingine. Kitabu, kikiwepo, ni cha Kifaransa. Mwalimu anaandika ubaoni kwa Kifaransa, watoto wanarudia kwa sauti moja, halafu mwalimu anaona macho yao, anashusha sauti na kueleza kwa Kiswahili, kama mtu anayefanya magendo. Mkaguzi akiingia, Kiswahili kinakimbia. Mwishoni mtihani wa taifa wa kumaliza shule ya msingi unamuuliza mtoto kila kitu kwa Kifaransa. Tangu elimu ya msingi ifanywe bure mnamo Septemba 2019, mwalimu anafanya hivyo mbele ya watoto themanini au mia, na mshahara unaochelewa. Na hapa hatujaongea hata juu ya vita.

Tunatumia lugha mbili, tena kila siku, lakini kwa kujificha, bila vitabu na bila mwalimu aliyefunzwa namna ya kuvuka kutoka moja hadi nyingine. Kule Helsinki mtoto anavuka kwa daraja. Hapa anaogelea, na anayefika ng'ambo tunasema ana akili.

Kuna watakaojibu kwamba Finland ni tajiri. Ni kweli, lakini sheria ya kuwapa watoto wote wa shule chakula cha bure waliipitisha mwaka 1943, katikati ya vita, na mwaka 1948 ilipoanza kutumika kikamilifu bado walikuwa wanalipa fidia kwa Wasovyeti. Hawakungoja kutajirika.

Kwa wazazi wa Kongo walioko Finland, njia iliyo wazi leo ni ile ndogo. Maombi ya somo la lugha ya mama yanapelekwa kwenye komini, mara nyingi kupitia shule ya mtoto, na tarehe za mwisho zinawekwa na komini yenyewe. Kundi halihitaji kuwa la darasa moja wala la shule moja. Wanahitajika watoto wanne.